Mguno wa Nyati na Kamba ya Pimbi

Paukwa!

*Pakawa!*

Mmeitikia kama watu walionyimwa uji. Tena. Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Pakawa na kisima!*

Kisima cha nani?

*Cha wasioweza safari!*

Na aliyekinywa ni nani?

*Mwenye miguu minne mizima!*

Afadhali. Sasa kaeni vizuri, na wewe unayejikuna, jikune kimya kimya.

Basi, hapo kale jua liliwaka, likawaka, likawaka, mpaka mawe yakawa ya moto kama jungu lililosahauliwa jikoni. Mto ulikuwepo, lakini ulikuwa mbali. Ukiondoka alfajiri, unafika jua likiwa utosini, na kurudi ni shauri lako.

Chini ya mwamba anakokaa Pimbi kulikuwa na kisima kidogo. Maji yake yalitoka kwa kudondoka. To! To! To! Usiku kucha yanadondoka, asubuhi unakuta yamejaa kiasi cha kuwatosha wachache. Kwa hiyo wanyama walikubaliana jambo moja tu: mwenye mguu aende mtoni, asiye na mguu anywe kisimani. Hakuna aliyebisha. Ni jambo ambalo hata mtoto anayetambaa angelielewa.

Wa kisimani walikuwa wachache. Alikuwepo Swala aliyevunjika mguu. Alikuwepo Kobe, ambaye akianza safari ya mtoni leo, mvua itamkuta njiani. Na alikuwepo bibi yake Pimbi, kizee wa magoti mabovu, haoni vizuri, lakini ulimi wake mzima kabisa.

Pimbi mwenyewe alikwenda mtoni. Vimiguu vyake vifupi kama vidole, lakini alikwenda. Siku moja alijaribu kumletea bibi yake maji kwa kuyabeba mashavuni. Alipofika nyumbani na kufungua kinywa, ilitoka pumzi tu. Kwa hiyo maisha ya bibi yalikuwa pale kisimani, si kwingine.

Msimamizi wa kisima alikuwa Korongo. Korongo alikuwa amesimamia mguu mmoja kwa muda mrefu sana, mpaka watu wakadhani anafikiri. Yeye ndiye aliyeamua nani anywe kwanza na nani anywe mengi, na alikuwa na kipimo chake alichokibuni mwenyewe. Kipimo hicho kiliitwa mguno.

"Ugonjwa uko ndani," alieleza Korongo. "Kilicho ndani hutokea mdomoni. Kwa hiyo mguno ni ugonjwa unaotoka. Kwa hiyo mwenye mguno mkubwa ana ugonjwa mkubwa. Kwa hiyo anywe kwanza."

Wanyama wakatikisa vichwa kukubali. Maneno yalikuwa na "kwa hiyo" nyingi, na wao walikuwa na kiu.

Hata hivyo mambo yalikwenda, kwa kuwa wote watatu waliguna kidogo kidogo na wakanywa kidogo kidogo. Mpaka siku ile alipokuja Nyati.

Nyati! Shingo kama gogo, mapaja kama vinu viwili vimesimamishwa. Akaja anachechemea mguu wa kushoto. Kesho yake akaja anachechemea wa kulia. Pimbi akaona, akamtazama Korongo. Korongo alikuwa anatazama mbinguni.

"Gunani niwapime," akasema Korongo.

Bibi yake Pimbi akaguna: "Nhh."

Kobe akaguna: "Fff."

Swala akaguna: "Mm."

Nyati akavuta pumzi mpaka mbavu zikapanuka, akaguna: "MUUUUUUUUUH!"

Majani yakapukutika mtini. Kwale waliokuwa bondeni wakaruka. Korongo nusura aanguke kwenye ule mguu wake mmoja.

"Maskini wee!" akalia. "Huyu ni mahututi! Mpisheni, mpisheni!"

Nyati akainama. Gwu, gwu, gwu, gwu! Alipoinua kichwa, kisimani pamebaki tope. Bibi yake Pimbi akalamba jiwe.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nhh. Fff. Mm. MUUUUUUUUUH! Gwu, gwu, gwu, gwu. Na bibi analamba jiwe.

Pimbi akamfuata Korongo. Alikuwa amejiapiza kwamba leo atazungumza kwa upole.

"Mzee Korongo, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Mzee, mtu mwenye kifua cha kuguna vile, anaumwa nini?"

"Anaumwa sana."

"Nasema hivi: asiye na nguvu hana hata nguvu ya kuguna. Bibi yangu jana ameguna, wewe mwenyewe hukumsikia."

"Ndiyo. Kwa hiyo anaendelea vizuri."

"Mzee! Bibi hawezi kufika hata kwenye kile kichuguu!"

"Mguno wake ni mdogo, binti. Siku hizi unazidi kuwa mdogo. Ni dalili njema." Korongo akabadilisha mguu. "Mimi siangalii sura. Mimi napima."

Upole ulikuwa umemwishia Pimbi. Akapanda mwamba huku anaongea peke yake, na wadudu waliokuwa njiani wakampisha.

Nyumbani alimkuta bibi amejilaza kivulini, midomo imepasuka.

"Umegombana na Korongo," akasema bibi.

"Sikugombana. Nilizungumza na mti."

"Na yule Nyati je?"

"Nitamwumbua, bibi. Nitasimama mbele ya watu niseme wewe ni mwongo."

"Atakukanyaga. Na Korongo ataguna kwa niaba yako." Bibi akacheka, akakohoa. "Sikiliza, mjukuu wangu. Nilipokuwa bi harusi nilijifanya naumwa, maana sikutaka kwenda kulima. Basi mawifi zangu wakaniuguza. We! Walinifunika, walinikanda, walinilisha vitu vya kutafuniwa, walinikataza hata kupiga chafya. Nilipona kwa hasira. Siku ile ile nilikwenda kulima, na nilikwenda mbio."

Pimbi akainuka. Kisha akaanza kubandua magome ya mti, akasokota kamba. Akatafuta kijiti, akakipasua katikati kikawa kibano. Bibi akasikia anavyosokota, akatabasamu, akalala.

Asubuhi, kabla mtu hajaguna, Pimbi alifika kisimani amejitundika kamba shingoni.

"Bwana Mkubwa Nyati," akasema, sauti laini kama uji wa mgonjwa. "Mtu wa hadhi yako unaguna na hawa? Mguno ni kipimo cha wagonjwa wa kawaida. Wewe unastahili kupimwa mwili."

Nyati akamtazama kwa jicho moja. "Kijinyama kisicho na mkia, kupimwa kuna faida gani?"

"Mgonjwa aliyeguna hupewa maji. Mgonjwa aliyepimwa huuguzwa."

"Huuguzwa vipi?"

"Mchana kutwa, Bwana Mkubwa. Wewe umelala tu."

Neno hilo Nyati alilipenda.

Korongo alikuwa ameanza kuvimba shingo, kwa kuwa kipimo kisicho chake kilimkera. Pimbi akamgeukia: "Na Mzee Korongo atakuwa Mkuu wa Vipimo. Mimi nitashika kamba tu, yeye ndiye atakayetangaza."

Shingo ikatulia. "Mambo ya kutangaza," akasema Korongo, "nayaweza."

Kipimo kikaanza. Kwanza mafuta. Pimbi akabana ngozi ya kiunoni kwa kile kibano. Nyati: "Aaah! Naumia!" Pili nyama. Pimbi akazungusha kamba kwenye paja, na mahali pa kuilegeza akailegeza, na mahali pa kuivuta akaivuta. Tatu, kukaa na kusimama. Nyati akakaa puu! Akajaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka kwa ustadi zaidi. Nne, kutembea: mgonjwa atoke kisimani aende kwenye kichuguu, na Pimbi aimbe wimbo. Wimbo ukiisha kabla hujafika, huna nguvu.

Pimbi akaimba:

*Goti kaza, goti legea,*
*kaniambie likitembea.*

Lakini aliimba mbio kama mtu anayefukuzwa, gotikazagotilegea, na wimbo ukaisha Nyati hajamaliza kuchechemea hatua yake ya kwanza.

Pimbi akamnong'oneza Korongo. Korongo akainua mdomo juu.

"Kipimo kimesema! Nyati ni mafuta na maji matupu. Nyama hakuna. Goti hakuna. Mgonjwa wa namna hii hajawahi kuonekana akiwa hai!"

Nyati akafurahi. Akaumia kidogo pia, hasa pale pa "nyama hakuna", lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Akainamia kisima.

"Weee!" akapiga kelele Pimbi. "Mshikeni! Unataka kufa?"

"Nataka kunywa."

"Mwili umejaa maji, hauna nyama ya kuyashika. Ukinywa, maji yatapanda hadi moyoni, yauzamishe. Utanyweshwa kwa jani. Tone la asubuhi na tone la jioni. Mzee Korongo, si ndivyo kipimo kilivyosema?"

Korongo hakukumbuka kipimo kusema hivyo, lakini Mkuu wa Vipimo hawezi kuonekana hajui vipimo vyake. "Ndivyo hasa," akasema. "Kwa hiyo, jani."

Akanyweshwa kwa jani. To!

Bibi yake Pimbi akanywa. Kobe akanywa. Swala akanywa. Na yakabaki.

Nyati akalazwa chini. Akapakwa tope toka pua hadi mkia, maana asiye na nyama hupata baridi, jua likiwa limemsimamia kichwani. Akakatazwa kuinua kichwa, maana pembe ni nzito kwa shingo isiyo na kitu. Akakatazwa kufukuza nzi, maana mkia nao unatumia nguvu. Chakula chake alitafuniwa na Kobe. Na Kobe, mnamjua Kobe. Alianza jua linachomoza, akatafuna, akatafuna, akatafuna. Jua lilipokuwa utosini akasema, "Bado kina nyuzinyuzi," akaendelea kutafuna.

Wakaja wa kumpa pole.

"Pole, Mzee Nyati."

"Asante."

"Usiseme, unapoteza nguvu. Pole."

Nyati akanyamaza.

"Jamani, hata kuitikia hawezi tena! Pole!"

Swala akajisogeza na mguu wake uliovunjika, akaketi ubavuni pake, akauliza kwa heshima kubwa: "Samahani, mzee, hiyo ngozi umeshamwahidi mtu?"

"Ngozi gani?"

"Hiyo uliyoivaa."

"Na jamaa zake waambiwe," akasema Pimbi huku anafuta chozi ambalo halikuwepo. "Ni haki yao kuja kumwona."

Korongo alipaa mara moja. Mambo ya kutangaza aliyaweza.

Kesho yake, tone. Tope, nzi, pole. Kobe anatafuna. Nyati alilala pale macho yamemtoka, anausikia ule mdondoko, to! to! to!, na bibi kizee mmoja ananyonya maji taratibu karibu na sikio lake, fyuu, fyuu, kwa raha.

"Pimbi!" akanguruma.

"Abee, Bwana Mkubwa. Usingurume, mbavu zitavunjika."

"Nipime tena. Leo najisikia nafuu."

"Nafuu? Na hali ile?"

"Nimesema nipime!"

Akapimwa. Safari hii alisimama mara moja. Safari hii alitembea bila kuchechemea, na Pimbi akaimba kwa mwendo wa kawaida. Kamba ikazungushwa pajani, ikavutwa mahali pake.

"Kipimo kimesema!" akatangaza Korongo. "Ana nyama ya paja moja!"

"Paja moja?" Nyati akafoka. "Na hili jingine ni la nani?"

"La mafuta," akasema Pimbi. "Lakini hongera. Mwenye nyama ya paja moja hunywa maji ya kujaza ganda la yai."

Akanywa ganda la yai. Ni afadhali lile tone, maana tone halikumkumbusha ladha ya maji. Kiu ikaamka, ikakaa, ikadai.

"Sikiliza, kijinyama," akasema, sasa anabembeleza. "Kadiri nyama inavyozidi, maji yanazidi, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na nikionekana nina nyama zote? Kila mahali?"

"Utakunywa mpaka ushindwe, Bwana Mkubwa. Naapa kwa magoti ya bibi yangu."

Nyati hakuuliza atakunywa wapi. Watu wa aina yake huuliza kiasi, hawaulizi mahali.

"Nipime! Sasa hivi!"

"Ngoja," akasema Pimbi. Akapanda mwamba. Akatazama upande wa mtoni, akaona vumbi linakuja, vumbi zito la kwato nyingi. Akashuka bila haraka, akakaa, akaanza kukunjua kamba yake, mara ina fundo hapa, mara ina fundo pale. Nyati anakanyaga chini, du! du! du! Vumbi linakaribia. Fundo moja zaidi. Haya, tayari.

"Kaa. Simama."

Nyati akakaa, akasimama. Akakaa, akasimama. Alifanya hivyo mpaka Pimbi akasema inatosha, na akaongeza kidogo mwenyewe.

"Sukuma kile kisiki."

Nyati akainamisha pembe. Kraa! Kisiki kikang'oka na mizizi yake, kikabiringika bondeni.

"Nenda kwenye kichuguu nikiimba."

Na hapo Pimbi akaimba taratibu, akivuta kila neno kama mtu anayevuta ndoo ya kisima kirefu. *Gooooti kaaaza...* Nyati akaenda kwenye kichuguu akarudi. *Gooooti leeegea...* Akaenda akarudi, akakizunguka, akakiruka! Mkia juu, vumbi tifu tifu, anaruka kama ndama wa masika.

"Nani ana nyama kama mimi?" akapiga kelele. "Semeni! Nani ana goti kama hili?"

"Kipimo kimesema!" Korongo alikuwa amesahau kila kitu isipokuwa utamu wa kutangaza. "Mwili mzima ni nyama! Goti ni la chuma! Nyati ni mzima kuliko sisi sote!"

"Kumbe," ikasema sauti nyuma yao.

Nyati akasimama na mguu mmoja hewani.

Kundi lake lilikuwa limefika, wamejipaka majivu ya msiba. Mbele alisimama mkewe, ndama akiwa amemwegemea kwa uchovu. Na kando ya mkewe alisimama mama yake mkewe. Mkwe mwenyewe! Nyati jike mzee, pembe moja imekatika, mzee kuliko bibi yeyote wa pale, na miguu yake ina vumbi la toka mtoni.

"Shi... shikamoo, mama," akasema Nyati. Akashusha mguu. Kisha akakumbuka, akaanza kuchechemea.

"Marahaba, baba," akasema mkwe. "Juzi mwanangu aliniambia ni mguu wa kushoto."

Nyati akabadilisha mguu.

Hakuna aliyecheka. Yaani walijitahidi. Swala alilazimika kuuma jani.

"Mimi na umri huu nakwenda mtoni kila kukicha," akasema mkwe, bila kupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Mwanangu anakwenda na mtoto amemwegemea. Tulidhani wewe huku unakata roho. Nimelia njia nzima, baba. Maji niliyokunywa yote nimeyalia."

Nyati akatazama kisima. Angeweza kuwakanyaga wote, Pimbi na kamba yake, Korongo na mguu wake, akanywa. Lakini mbele ya mkwe? Hata nyati ana mahali anapoishia.

"Mzee Korongo," akaita Pimbi kwa upole ule ule. "Kisima hiki ni cha nani?"

Korongo akafikiri. Safari hii alifikiri kweli, na ilionekana kumwuma. "Asiye na mguu anywe kisimani," akasema polepole. "Mwenye mguu... aende mtoni. Kwa hiyo..."

"Uliniapia!" Nyati akamwambia Pimbi, kwa mnong'ono, maana mkwe alikuwepo. "Uliniapia nitakunywa mpaka nishindwe!"

"Mto mzima ni wako, Bwana Mkubwa. Hakuna atakayekuzuia."

Mkewe akampita, hakumtazama. Akamwinua ndama kwa pua, akampandisha mgongoni kwa Nyati. "Tangulia," akasema. "Tena upesi. Tumeambiwa una goti la chuma."

Wakaondoka. Nyati mbele na mtoto mgongoni, mkwe nyuma yake. Kila Nyati alipopunguza mwendo, mkwe aliimba: *Goti kaza, goti legea.* Na alijua kuimba haraka, yule mama.

Pale kisimani bibi yake Pimbi akasogea, akainama, akanywa. Hakuna aliyemharakisha. Akanywa, akapumzika, akanywa. Alipotosheka akanyoosha vile vigoti vyake na kuguna kwa raha, mguno uliotoka tumboni:

"Nhhhhhhhhh!"

Korongo akageuka, macho yamemtoka.

"Mungu wangu! Huyu bibi ana hali mbaya!"

Pimbi akamtazama. Akaitazama kamba yake. Akaifunga vizuri, akaihifadhi chini ya mwamba. Ilionekana wazi kwamba itahitajika tena.

Hadithi imefika kwake, nami nimefika kwangu.

Mnataka fundisho, najua, hamwezi kulala bila fundisho. Haya shikeni: kipimo hakidanganyi. Ukitaka kujua ukweli wa mwili wa mtu, chukua kamba, chukua kibano, imba wimbo, na uamini kila kinachotoka hapo.

Aliyeridhika aende akalale. Asiyeridhika aje hapa mbele agune, nimsikie.